Jicho la mtoto: Tone, marhamu au dawa ya kunywa?

KATIKA nyumba nyingi za mitaa yetu hapa Nairobi, ukipapasa juu ya kabati la vyombo hukosi kukuta kichupa cha dawa ya macho kilichobaki. Kilinunuliwa wakati fulani kwa ajili ya mtoto fulani, kikatumika siku tatu, macho yakang'aa, kikawekwa. Siku jicho jingine likiwa jekundu, hata likiwa la mtoto wa jirani, kichupa hushushwa na kufutwa vumbi. Haidhuru kwamba dawa ya aina hiyo ikishafunguliwa inapaswa kutupwa baada ya majuma manne. Tumekizoea kichupa hicho kiasi kwamba ukitwambia kuna mtoto aliyepelekwa hospitalini na macho yenye matongo, akarudi bila tone hata moja ila chupa ya dawa ya kunywa, tutadhani daktari alikuwa amechoka siku hiyo.

Jirani yangu mmoja alidhani hivyo hivyo. Wanangu wawili waliamka juma moja na macho yamegandamana. Mkubwa, mwenye miaka saba, alirudi kutoka kliniki mikono mitupu. Tuliambiwa tumsafishe kwa pamba safi na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, tumrudishe iwapo hatapata nafuu, ataona maumivu au ataanza kuona ukungu. Mdogo, wa miaka miwili, alipewa dawa ya kunywa peke yake. Jirani aliishika ile chupa, akaisoma, akaigeuza.

"Mama Baraka," akaniambia, "hii dawa itafikaje jichoni? Jicho liko huku juu, na tumbo liko kule chini!"

Swali lake halikuwa la kuchekwa. Wazazi wengi wanalo moyoni, na wengine hulijibu wenyewe kwa kuongeza tone kutoka kile kichupa cha juu ya kabati, ili pande zote mbili zipigwe kwa pamoja.

Tuanze na tone lenyewe. Tone moja la dawa ni kubwa kuliko kiasi ambacho jicho linaweza kubeba. Kinachozidi humwagika shavuni, na kinachobaki huoshwa na machozi kwa dakika chache kisha kuteremka puani hadi kooni. Ndiyo sababu mtoto hulalamika kwamba dawa ya macho ni chungu mdomoni, hasemi uongo. Kwa hivyo dawa ya matone haina budi kurudiwarudiwa, pengine kila baada ya saa mbili mwanzoni. Marhamu, ile ya tyubu, hung'ang'ania zaidi kwa kuwa ni mafuta, lakini huacha ukungu ambao watoto hawaupendi. Faida ya zote mbili ni kwamba dawa hufika kwa wingi pale pale panapouma, na mwili uliosalia hauguswi sana.

Dawa ya kunywa huenda safari ndefu. Hupita tumboni, ikaingia katika damu, na damu ikaieneza kila mahali, jichoni kukiwamo. Inayofika usoni mwa jicho ni kidogo, lakini hufika pia mahali ambapo tone halitafika kamwe: ndani ya nyama za kope, nyuma ya jicho, puani, mapafuni. Na masikioni.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya mwanangu mdogo. Daktari alikuwa amemchungulia masikio kwa kile kifaa chenye taa na kuona ngoma ya sikio imevimba na kuwa nyekundu. Kuna bakteria aitwaye Haemophilus influenzae ambaye ana mazoea ya kushambulia macho na sikio la mtoto kwa wakati mmoja. Ungemtia mtoto kama huyo matone mchana kutwa, macho yangeng'aa na sikio lingeendelea kuoza. Dawa ya kunywa hutibu vyote viwili, na tone la ziada halina kazi kubwa. Nilipomweleza jirani, aliniuliza kwa nini basi yule mkubwa hakupewa hata kimoja.

Jibu la swali hilo wengi hawapendi kulisikia, hasa waliokwisha kulipa nauli na ada ya kumwona daktari. Macho mekundu ya kawaida kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima hupona yenyewe mara nyingi. Mnamo 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Oxford, Uingereza, kwa watoto zaidi ya 300 wenye macho yanayotoa uchafu. Nusu walitiwa matone ya kloramfenikoli, dawa ile ile tunayoijua hapa, na nusu walitiwa matone yasiyo na dawa yoyote. Baada ya siku saba walikuwa wamepona watoto 86 kwa kila 100 waliopata dawa, na 83 kwa kila 100 ambao hawakuipata. Tofauti ya watoto watatu! Wale ambao wangali wanaamini kwamba kile kichupa kilimponya mtoto wao kwa siku tatu wafikirie ni nini kingetokea kama kingebaki dukani.

Isitoshe, macho mengi mekundu hayaletwi na bakteria bali na virusi, na dawa za kuua bakteria haziwezi kitu mbele ya virusi, ziwe za kutia au za kunywa. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulivuma Dar es Salaam kisha ukaingia Pwani ya Kenya, na watu wa Mombasa wakawa wanatembea na miwani ya jua mpaka usiku. Ulikuwa wa virusi. Kilichosaidia ni kunawa mikono, kutotumia taulo moja na kuwaweka watoto nyumbani. Licha ya hayo, watu walijitia kila kitu: maziwa ya mama, chai ya rangi, maji ya chumvi, na matone ya namna zote.

Yapo matone ambayo afadhali hata chai. Kuna vichupa vilivyochanganywa dawa ya kuua bakteria na dawa ya jamii ya steroidi, ambayo huondoa wekundu na mwasho haraka sana. Mama hufurahi, mwuzaji husifiwa. Lakini kama jicho lile lina virusi vya malengelenge, steroidi huwafungulia mlango wakalila, na mtoto anayetiwa dawa hiyo kwa miezi mingi kwa sababu ya mwasho wa mzio anaweza kupatwa na presha ya jicho au mtoto wa jicho. Dawa hizo zina kazi yake, lakini si ya kuchaguliwa na mzazi mbele ya kaunta.

Sasa nije kwa jambo ambalo, kama ningekuwa na uwezo, ningelibandika kwenye mlango wa kila nyumba yenye mama mja mzito.

Binti wa dada yangu alijifungulia nyumbani, usiku, mvua ikinyesha na gari halipatikani. Mkunga wa mtaa alifanya kazi yake vizuri, lakini hakuwa na ile tyubu ya tetrasaiklini ambayo watoto wanaozaliwa hospitalini hupakwa machoni mara tu baada ya kuzaliwa. Siku ya tatu nilikwenda kuwaona nikiwa na unga wa uji na nguo za mtoto. Nilikuta kope za mtoto zimevimba kama maandazi, na kila mara nyanya yake alipozipangusa, usaha wa manjano ulichuruzika tena. Nyanya alikuwa amekwisha kukamua maziwa ya mama humo mara mbili. Baba wa mtoto alikuwa ametumwa dukani akarudi na matone.

"Shangazi, hebu tumtie kwanza," akaniambia, "tuone hadi kesho."

Tulikwenda usiku ule ule. Mwuguzi aliyetupokea alitazama mara moja tu kisha akaacha alichokuwa akifanya. Usaha mwingi namna hiyo katika siku za kwanza za maisha, alitwambia, huenda ukawa ni kisonono ambacho mtoto amekipata alipokuwa akipita katika njia ya uzazi. Bakteria wa kisonono wana uwezo ambao wengine wengi hawana: hupenya kioo cha jicho kizima, kisicho na jeraha, na wanaweza kukitoboa kwa muda wa siku moja au mbili. Matone peke yake hayatoshi. Marhamu peke yake haitoshi. Hata dawa ya kunywa haikutajwa. Mtoto alidungwa sindano ya seftriaksoni kulingana na uzito wake, na macho yakawa yanaoshwa kwa maji safi ya chumvi kila mara hadi usaha ukome.

Jambo hilo linawachanganya watu, kwa maana wanasikia kwamba tetrasaiklini hupakwa watoto wachanga kwa sababu ya kisonono hicho hicho. Kukinga si kutibu. Huko Leipzig, Ujerumani, miaka ya 1880, daktari mmoja aitwaye Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga tone la nitrati ya fedha mara wanapozaliwa. Katika hospitali yake, ambapo karibu mtoto mmoja kwa kila kumi alikuwa akiugua macho, idadi ikashuka hadi chini ya mmoja kwa kila mia. Tone huwakuta bakteria wangali wachache, juu juu, hawajazama. Wakishazama na kuzaana, tone hilo hilo ni kama kumwagia nyumba inayoungua kikombe cha maji.

Mchanga akianza kutoa usaha baadaye kidogo, tuseme siku ya tano hadi juma la pili, mara nyingi anayeshukiwa ni klamidia. Hapo dawa ya kunywa ndiyo hushika usukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza azithromaisini ya kunywa mara moja kwa siku kwa siku tatu, badala ya erithromaisini iliyokuwa ikitolewa majuma mawili. Sababu ni kwamba klamidia haikai jichoni peke yake. Hukaa pia puani na kooni mwa mtoto, na inaweza kuteremka mapafuni ikaleta nimonia majuma kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau habari za macho.

Hayakuishia kwa mtoto. Mwuguzi alisema mama na baba sharti watibiwe pia, na aliyasema bila kupandisha sauti wala kuwatazama vibaya. Njiani kurudi, siku mtoto aliporuhusiwa, hakuna aliyezungumza. Nyanya alijifanya kulala kwenye matatu. Ugomvi uliofuata katika nyumba ile si wa kuandikwa gazetini, ila naweza kusema kwamba baba alikwenda kudungwa, na kwamba mtoto sasa anasoma ubao akiwa kiti cha nyuma darasani.

Yapo mengine ambayo tone haliyawezi. Kope la mtoto likivimba na kuwa jekundu na moto, baada ya kuumwa na mdudu au kutokana na mafua yaliyoziba mianzi ya pua, bakteria wamo ndani ya nyama ya kope, na hutibiwa kwa dawa ya kunywa. Jicho likianza kutokeza nje, mtoto akiumia anapolizungusha au akisema haoni vizuri, basi hata dawa ya kunywa imepitwa. Ni kulazwa na kudungwa sindano. Mtoto wa surua naye ana njia yake: marhamu ya tetrasaiklini kwa macho yanayotoa usaha, pamoja na vitamini A ya kumeza, ambayo ndiyo humwokoa na upofu.

Na kwa kuwa nimeitaja tetrasaiklini mara nyingi, niseme neno kuhusu kile kidonge cha rangi mbili ambacho watu walikizoea sana, hata wakawa wanakifungua na kunyunyizia vidonda. Dawa yenyewe ni moja na ile ya tyubu. Ya tyubu hupakwa hata mtoto wa saa moja bila matata. Ya kumeza hapewi mtoto aliye chini ya miaka minane, kwa maana huingia katika meno yanayoota na kuyatia madoa ya manjano na kahawia yasiyofutika. Asidhani mtu kwamba dawa ikifaa jichoni basi na tumboni itafaa.

Lakini pambano kubwa zaidi kati ya tyubu na dawa ya kunywa halikupiganwa mijini. Lilipiganwa kwenye trakoma, ugonjwa ambao kwetu Kenya umetesa sana watu wa Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Narok na Kajiado. Mimi nimeolewa Kajiado. Nilipofika huko mara ya kwanza nikiwa bi harusi nilishangaa kuona mama mkwe wangu ana kibanio kidogo cha chuma kinachoning'inia shingoni pamoja na shanga zake. Nilidhani ni pambo. Kilikuwa cha kung'olea nywele za kope.

Trakoma huletwa na klamidia pia, ingawa ni ya aina tofauti na ile ya uzazi. Mtoto huambukizwa kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi watuao kwenye matongo. Huambukizwa tena na tena. Haimuumi sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Kila mara kope hupata kovu kwa ndani, na miaka mingi baadaye makovu hayo huikunja kope, nywele zikaingia ndani na kukikwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Mama mkwe alikuwa akipepesa juu ya miiba.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa tyubu ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa majuma sita. Hebu hesabu. Ni mara 84. Aliyewahi kumpaka mtoto wa miaka mitatu dawa ya macho mara moja tu, goti moja juu ya mikono yake na dada yake ameshika kichwa, anajua mara 84 ni nini. Huyo ni mtoto mmoja. Katika boma wamo sita, na mama ana ng'ombe wa kukama alfajiri na maji ya kuteka mbali, na mtoto mwenyewe halii wala halalamiki.

Azithromaisini ilipokuja, mtoto alikunywa mara moja. Mara moja tu, basi, kwa sababu dawa hiyo hukaa katika nyama za mwili kwa siku nyingi. Mnamo 1993 watafiti nchini Gambia walilinganisha dozi hiyo moja na majuma sita ya tyubu, na matokeo hayakutofautiana sana. Wengi walipona pande zote mbili. Ungesema basi zinatoshana. Lakini mwaka 2000 zilitolewa matokeo ya ulinganisho mwingine huko huko Gambia, safari hii tyubu zikiwa zimekabidhiwa wazazi wakajipakie watoto nyumbani bila wa kuwasimamia, kama inavyokuwa katika maisha. Dawa ya kunywa ikaishinda tyubu waziwazi. Tetrasaiklini haikuwa imedhoofika kati ya miaka hiyo. Kilichopungua ni mkono wa kuipaka, na sioni kwa nini mama yeyote alaumiwe kwa hilo.

Tangu 1998 kampuni ya Pfizer imekuwa ikitoa azithromaisini bila malipo kwa ajili ya trakoma, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoipokea. Nimeshuhudia ugawaji wake. Hakuna mizani. Kuna kijiti kirefu chenye alama, mtoto husimama kando yake, na kimo chake ndicho huonyesha vijiko au vidonge vingapi. Hutolewa kwa wote, wagonjwa na wazima, kwa kuwa mtoto aliyetibiwa peke yake atalala usiku huo huo pamoja na ndugu zake wanne na kuamka nayo tena. Watoto wachanga walio chini ya miezi sita hawanyweshwi. Mama zao hupewa tyubu ile ile ya zamani.

Wapo wanaouliza kama ni busara kuwanywesha watu wazima wa afya dawa ya kuua bakteria. Ni swali zuri. Dawa inayoenea mwili mzima hufanya mengi ambayo hukuituma. Katika utafiti mkubwa wa Niger, Malawi na Tanzania uliochapishwa 2018, watoto wadogo waliopewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka walikufa wachache kuliko wenzao, pungufu kwa karibu asilimia 14. Wakati huo huo, mahali inapogawiwa sana, bakteria wengine wa mwilini huanza kuizoea. Kheri na shari zimo katika kijiko kimoja. Na dawa peke yake haimalizi kazi: huko Kongwa, Tanzania, ilionekana katika miaka ya 1990 kwamba vijiji vilivyopewa tyubu na pia kuhimizwa kuwaosha watoto nyuso vilipunguza trakoma kali kuliko vilivyopewa tyubu tu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepanga ugonjwa huu uwe umekomeshwa kufikia 2020. Sasa linasema 2030.

Mama mkwe alipanga foleni kama wengine, akapimwa kwa kijiti huku wajukuu wakimcheka, akameza vidonge vyake. Kwa kope zake vilikuwa vimechelewa, kwa kuwa kovu haliondolewi kwa tone wala kwa kidonge. Alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuigeuza kope irudi nje, akiwa macho, kwa muda usiofika saa moja kila jicho. Kile kibanio alimpa mke mwenzangu, ambaye hukitumia kuvutia uzi anaposhona shanga.